Broila na kiporo cha jikoni: kinachotokea tumboni mwa kuku, na ufanye nini na ndoo yako ya makombo

SWALI: "Shikamoo dokta. Niko Tanga mjini, Mabawa, nafuga broila 100 nyuma ya nyumba, hii ni awamu yangu ya pili. Mimi ni mama lishe, kila jioni narudi na ndoo mbili za makombo, ugali, wali, ukoko wa pilau, kabichi, maharage, chapati, vichwa vya samaki. Chakula cha dukani kimenishinda bei kwahiyo toka wana siku 12 nikaanza kuwachanganyia nusu kwa nusu na makombo, naloweka na maji niliyochemshia dagaa ili wapate protini. Mwanzoni walikuwa wanagombania mpaka raha. Sasa wana siku 26, kinyesi maji maji, maranda yameloa, banda linanuka mpaka macho yanawasha, wengine wakubwa wengine wadogo wamedumaa, na juzi mpaka leo wamekufa wanne. Jirani anasema kuku ni kuku tu, wake wa kienyeji wanakula kila kitu na wamenona. Shemeji anasema nichemshe makombo kwanza, hata yaliyoota ukungu yanakuwa salama. Na wateja wanasema broila wa chakula cha dukani wana homoni za kukuza, bora hawa wa makombo. Nimechanganyikiwa, makombo yanafaa au hayafai? Na hawa waliobaki nifanyeje?"

JIBU:

Marahaba dada yangu, na pole sana. Kuku wanne kwa siku tatu kwa mtu anayefuga 100 ni hasara inayouma, na wewe hukufanya uzembe, ulikuwa unatafuta namna ya kubana matumizi, kitu ambacho kila mfugaji mdogo anakihangaikia. Nitakujibu yote lakini kwanza tuokoe hao 96, maelezo yatafuata.

Leo hii acha makombo yote, yaani kabisa, na yale maji ya dagaa ndo usiyaguse tena. Warudishe kwenye chakula kikavu cha dukani peke yake, hamna haja ya kuwazoesha taratibu kwa sababu hicho ndicho walichoanza nacho. Osha vyombo vya maji, weka maji safi ya kutosha, yabadilishe asubuhi na jioni. Halafu ingia bandani na koleo, toa maranda yote yaliyoloa, hasa kuzunguka vyombo vya maji na vya chakula, weka makavu, na hayo yaliyobaki yageuze kila asubuhi. Kama umefunika ukuta kwa turubai, lifungue upande wa upepo unakotoka mchana. Ukiwashwa macho wewe uliyesimama, fikiria kuku ambaye pua yake iko sentimita chache kutoka kwenye maranda masaa 24. Hewa hiyo ni amonia, inachubua macho na njia ya hewa, na kuku aliyechubuka njia ya hewa anapokea kila ugonjwa unaopita. Na aliyekufa leo usimtupe, nitakwambia mwishoni umpeleke wapi.

Sasa tuje kwenye maneno ya jirani, kwamba kuku ni kuku tu. Jirani hadanganyi kuhusu kuku wake. Kuku wa kienyeji anayezurura Mabawa anakula makombo yako, ndiyo, lakini akitoka hapo anafukua mchwa, anakamata panzi, anadonoa majani, mchanga, mbegu za magugu, yaani anajipangia mwenyewe mlo wake siku nzima, na hana haraka, akifika kilo moja na nusu baada ya miezi sita hakuna anayemlaumu. Broila wako amefungiwa, hana pa kwenda kutafuta kilichopungua, kila kitu anachohitaji lazima kiwe kwenye sahani uliyomwekea. Na mahitaji yake ni makubwa mno. Kifaranga anaingia bandani na gramu 40 hivi, siku ya saba anatakiwa awe ameshazidisha uzito huo mara nne, na wiki ya tano anafika kilo mbili akilishwa vizuri. Mwili unaojengwa kwa kasi hiyo hausubiri.

Na hapo hapo niwajibu wateja wako kuhusu homoni maana hili jambo linawaumiza wafugaji bure. Broila hawapewi homoni. Homoni ya ukuaji ni protini, ukiichanganya kwenye chakula tumbo litaivunja na kuisaga kama linavyofanya kwa dagaa, na kumchoma sindano kila kuku tena na tena kungegharimu kuliko kuku mwenyewe. Ukuaji ule umetokana na uzao, watu wamechagua kwa miaka mingi kuku wanaokua haraka wakawazalisha wao kwa wao. Kuna jaribio zuri sana lililotolewa 2014 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada, walichukua ukoo wa kuku uliotunzwa toka 1957, wa 1978 na wa 2005, wakawafuga pamoja na kuwapa chakula kile kile. Siku ya 56 wale wa 1957 walikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202. Chakula kimoja, siku zile zile. Tofauti ni damu. Ambacho wateja wana haki ya kukiogopa ni dawa za antibayotiki zinazotolewa kiholela na kuku kuuzwa kabla dawa haijatoka mwilini, na hapo huwezi kujitetea kwa kusema unalisha makombo, kwa sababu kuku wa makombo wakianza kuugua ndio hao hao wanaopigwa dawa kila siku.

Haya, kwa nini nusu kwa nusu imekuangusha? Sababu ya kwanza ni maji. Ugali uliopikwa, sehemu kubwa ni maji, kama asilimia 65 mpaka 70, na wali ni hivyo hivyo. Kuku wa wiki tatu anakula gramu 100 hivi za chakula kwa siku. Chakula cha dukani cha umri huo kina protini kama asilimia 20, kwahiyo gramu 100 zinampa gramu 20 za protini. Wewe ukampa gramu 50 za chakula cha dukani na gramu 50 za ugali. Nusu ya kwanza inampa gramu 10. Nusu ya ugali, ukitoa maji, inabaki kama gramu 16 za unga, na unga wa mahindi una protini asilimia 8 hivi, yaani gramu moja na kitu kidogo. Jumla gramu 11 na ushee badala ya 20. Utasema si atakula zaidi kufidia? Atajaribu, ndo maana ulikuwa unaona wanagombania, lakini kile kifuko cha chini ya shingo kina kikomo, kikijaa ugali wenye maji kuku anaridhika huku mwili una njaa. Wanaogombania kwa nguvu wanapata, wanyonge wanabaki na kilichoachwa, na ndiyo hiyo unayoiona sasa, banda moja, umri mmoja, kuku wa saizi tatu.

Tena sio wingi wa protini tu. Protini imejengwa na vipande vidogo vidogo, na broila anavihitaji vyote kwa kiwango chake, hasa viwili vinavyoitwa lisini na methionini. Mahindi na mchele lisini yake ni haba. Kikikosekana kimoja, vingine hata viwe vingi havijengi nyama, mwili unavivunja na kuvitoa, na kazi hiyo inamfanya kuku anywe maji mengi na kutoa kinyesi chepesi. Methionini ikipungua manyoya yanachelewa na kuku wanaanza kudonoana. Ukiona migongo wazi na wanadonoana mkia, usikimbilie dawa, angalia kwanza chakula.

Sababu ya pili ni chumvi, na kwako naihofia kuliko zote. Chakula cha kuku cha kawaida kina chumvi kama gramu 3 mpaka 4 kwa kilo. Sasa wewe ni mpishi, hesabu mwenyewe: nusu kilo ya mchele unaitia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kama gramu 6. Hiyo ni gramu 12 kwa kilo ya mchele, tayari mara tatu ya anachotakiwa kula kuku, na bado hujafika kwenye pilau la watu wa mjini na viungo vyake, na ukoko ndo umekamua chumvi na mafuta yote ya sufuria. Halafu juu yake ukamwagia maji ya dagaa. Dagaa wetu wa pwani wengi wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, ukiwachemsha tena nyumbani chumvi inahamia kwenye maji yale. Protini iliyoko kwenye maji hayo ni kidogo mno, protini imebaki kwenye dagaa. Kwahiyo nia ilikuwa protini, walichopata ni chumvi. Figo za kuku mdogo hazina uwezo wa kutoa chumvi nyingi, anakunywa maji bila kukoma, anaharisha maji, wengine tumbo linajaa maji, wanahema kwa shida na kufa. Na kukausha makombo hakuondoi chumvi, kunaikusanya.

Maji ya kinyesi yakishaloanisha maranda inaingia sababu ya tatu. Tanga yetu hii hewa ni nzito ya bahari hata kiangazi, masika ndo usiseme, maranda yakilowa hayakauki yenyewe. Vimelea wa kuhara damu, ile wanaita koksidiosisi, wanatoka na kinyesi wakiwa bado hawajakomaa, ili wakomae wawe na uwezo wa kuambukiza wanahitaji unyevu na joto, na wewe umewapa vyote. Ndani ya siku moja au mbili wako tayari, kuku anadonoa maranda, anawameza, wanaingia kwenye ukuta wa utumbo na kuuchana. Ndo maana nimesema toa maranda leo.

Niingie kwenye ukungu maana shemeji yako amesema jambo la hatari, na nakuomba hili umweleze na yeye. Kuchemsha kunaua fangasi wenyewe. Lakini sumu waliyokwishaiacha kwenye chakula haitoki. Sumu kuvu, hasa ile inaitwa aflatoksini, inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike, na sufuria yako ya maji haivuki 100. Hii sumu iligunduliwa kwa msiba wa ndege wa kufugwa: 1960 kule Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na chanzo kikaonekana ni mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, yametoka Brazil. Na hapa kwetu 2016, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumu hiyo hiyo kwenye mahindi. Kuku anayekula kidogo kidogo hafi siku hiyo, ini linaharibika taratibu, hakui, chanjo haishiki vizuri kwa sababu kinga imeshuka, halafu magonjwa ya virusi kama Gumboro au kideri yakipita unashangaa mbona ulichanja. Chapati au ugali wenye ukungu hata kama ni doa moja, usikwangue ukatoa lile doa, nyuzi zake zimeshapenya ndani. Tupa. Na usimpe jirani kwa ajili ya wale wa kienyeji, nao wana ini.

Vitu vingine nitavitaja haraka. Maharage mabichi au yaliyoiva nusu yana sumu yake, yaliyoiva vizuri hayana shida ila angalia chumvi. Maganda ya muhogo mbichi yana sianidi, usiwape. Maganda na kokwa za parachichi zinaua ndege, na msimu wa parachichi za Lushoto najua zinajaa jikoni. Maganda ya viazi vya kijani kutoka kwa muuza chipsi, hapana. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, hapana. Machicha ya nazi, kitu ambacho kila nyumba ya Tanga inatupa, watu wananiuliza sana: sio sumu yakiwa mabichi ya siku hiyo hiyo, lakini yamejaa nyuzinyuzi ambazo broila hawezi kuzisaga, na mafuta yake yanachacha haraka, yakilala usiku mmoja kwenye joto letu yameshaanza. Kwa broila acha, kwa kienyeji kiganja kimoja cha leo leo.

Samaki na nyama nataka uwe makini zaidi. Vichwa vya samaki vilivyokaa ndooni toka mchana vinaweza kuzalisha sumu inayolegeza shingo, kuku analala shingo imenyooka chini hawezi kuinua, na akishafika hapo kupona ni bahati. Hata wakiwa wazima, ukiwapa broila samaki mpaka wiki ya mwisho nyama inanuka shombo na mteja atakurudishia. Na kubwa kuliko yote: mabaki ya kuku, mifupa, matumbo, ngozi, na maji uliyooshea kuku wa kuchinjwa, visikaribie banda hata kidogo. Wewe unanunua kuku kwa ajili ya biashara ya chakula, hujui wametoka kwenye banda gani. Virusi vya kideri vinakaa kwenye nyama mbichi na maji yake, na kuku wanaouzwa haraka haraka kwa bei ya kutupa mara nyingi ni wa mtu aliyeona ugonjwa umeingia. Hata usipowalisha, ukitoka kuchinja ukaingia bandani na ndala zile zile umeshawapelekea. Weka ndala za banda peke yake mlangoni, nawa mikono kwa sabuni. Hofu hii sio ya kwangu peke yangu, Uingereza walipiga marufuku makombo ya jikoni kwa mifugo 2001 baada ya mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo uliohusishwa na nguruwe waliolishwa makombo yasiyochemshwa, na Umoja wa Ulaya nao unakataza. Japani na Korea Kusini wanayatumia, ila yanapita kiwandani, yanapikwa kwa joto linalopimwa na kukaushwa, ndipo yanachanganywa kwa hesabu. Kwahiyo makombo yanaweza kuwa chakula cha mifugo, kinachoamua ni kazi inayofanyika katikati.

Je wewe unaweza kuifanya hiyo kazi? Kidogo, ndiyo. Jambo la kulielewa ni kwamba ugali na wali mkavu unachukua nafasi ya mahindi, haujawahi kuwa chakula kamili. Kwahiyo thamani ya makombo yako ilinganishe na bei ya kilo ya mahindi, usiilinganishe na bei ya kilo ya chakula cha broila. Chagua ugali na wali mweupe usio na chumvi wala mafuta, utenge jikoni kwako kwenye chombo chake kabla haujachanganyika na mchuzi, sio uje kuchambua ndooni usiku. Ufikiche siku hiyo hiyo, utandaze mwembamba juu ya kichanja chenye wavu, juani, mbali na nzi na kuku wa jirani, mpaka ukivunja punje unasikia mlio. Mvua ikianza kabla haujakauka, usiubakize kesho. Kilo 10 za ugali mbichi zitakupa kama kilo 3 na kitu. Saga.

Usiwape chini ya siku 21. Wiki tatu za kwanza ndizo za kujenga utumbo, mifupa na kinga, hapo usibane kitu. Baada ya hapo kwenye chakula cha kumalizia, kile cha wiki za mwisho, sehemu moja kati ya kumi, isizidi. Na uirudishe protini: kwa kila kilo ya mchanganyiko weka gramu 900 za chakula cha dukani, gramu 80 za ugali mkavu, gramu 20 za unga wa dagaa wasio na chumvi wala mchanga. Chakula chenye protini asilimia 18 kitabaki karibu na 18 ile ile. Dagaa uonje kwa ulimi kabla ya kununua, kama chumvi inauma acha, na uwaondoe wiki ya mwisho kabla ya kuuza. Umeona faida yake? Ni asilimia kumi tu ya chakula cha wiki mbili, na humo ndani umenunua dagaa, umeanika, umesaga. Kwa kuku 100 sioni kama inalipa usumbufu, na nakwambia hivyo nikijua ulitaka kusikia jibu jingine.

Maana angalia upande wa pili wa hesabu. Broila 100 mpaka wiki ya tano wanakula kama kilo 330, yaani mifuko sita na nusu ya kilo 50. Tuseme makombo yamekuokolea mifuko miwili. Kuku wakadumaa, wakachelewa siku kumi kufika uzito wa soko. Kuku 100 wenye kilo moja na ushee wanakula kilo 10 mpaka 12 kwa siku, kwa siku kumi mifuko miwili imerudi, na hapo bado hujahesabu waliokufa, maranda ya ziada, dawa, na banda ambalo lingeshaingiza vifaranga wengine.

Ndoo zako mbili mimi ningezipeleka kwingine. Njia ninayoipenda zaidi ni funza wa nzi chuma, wale nzi weusi wembamba ambao wengi mnawajua kwa jina la BSF. Huyu sio nzi wa chooni, akishakuwa mkubwa hang'ati wala hatui kwenye chakula chako. Mayai yanaanguliwa kwa siku nne hivi, funza anakula makombo kama wiki mbili, na akikaribia kugeuka anapanda mwenyewe kutoka kwenye beseni ukimwekea ubao ulioinama, unamkuta ameshadondoka kwenye ndoo. Funza mkavu ana protini kama asilimia 40, yaani ugali uliokuwa na asilimia nane umegeuka kitu kinachokaribia dagaa. Wali, ugali, kabichi, maganda ya matunda, vyote wanakula, ila ukungu na mabaki ya kuku bado usiweke, na yale yenye chumvi nyingi yapunguze. Wachovye kwenye maji ya moto, wakaushe, na anza na gramu 50 kwa kilo ya chakula. Banda la funza linataka kujifunza na uvumilivu, nenda chuo cha mifugo cha LITA Buhuri hapo hapo Tanga uulize nani karibu yako anafuga ukaone kwa macho kabla hujatoa hela.

Njia nyepesi zaidi ni kuwa na chotara au kienyeji kumi na tano au ishirini kwenye uzio wao, mbali na broila, hao wakala makombo safi yasiyo na chumvi kali pamoja na chakula kidogo, na ukawatumia mwenyewe kwenye biashara yako ya chakula. Mbali na broila, narudia, kwa sababu kienyeji anayezurura anabeba kideri na vimelea bila kuonyesha dalili. Wachanje na wao, ile chanjo ya matone ya jichoni ya kideri inayotengenezwa Kibaha inavumilia joto na haina bei kubwa.

Na kama kinachokuuma ni bei ya chakula, nenda kaangalie vyombo vyako vya kulishia usiku huu. Vingi nimeviona viko chini sana na vimejazwa mpaka juu, kuku anaparura chakula kinaingia kwenye maranda. Ukingo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku, upandishe kila baada ya siku chache, ujaze theluthi tu mara nyingi zaidi kwa siku. Panya nao wanakula usiku. Ukirekebisha hayo mawili unaweza kuokoa zaidi ya makombo yako yote, na bila kuku kudumaa. Na kama wateja wako wanakubali kuku wadogo, uza kuanzia wiki ya nne, kwani wiki za mwisho ndizo zinazomaliza mifuko.

Kwa hawa 96, wapime kwa mzani kumi hivi, wakubwa kwa wadogo, uandike. Watenganishe wadogo na chombo chao cha chakula na maji ili wasisukumwe. Wakubwa wataendelea vizuri, wale waliodumaa sana hawatarudisha chote walichopoteza, usiwasubiri wiki nane, watoe wakifika uzito unaoweza kuuzika. Baada ya siku tano pima tena.

Usisubiri siku tano hizo kama utaona damu kwenye kinyesi, shingo kulegea au kupinda, kukoroma na kuhema mdomo wazi, kinyesi cha kijani, au wakifa wengine wawili kwa siku moja. Hapo mwite afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo aje bandani, asikupe dawa kwa simu. Na yule aliyekufa leo, mweke kwenye mfuko wa nailoni mara mbili, ndani ya ndoo yenye barafu, usimgandishe, mpeleke leo hii akachanwe na kuangaliwa, TVLA, yaani maabara ya mifugo ya serikali, wana kituo hapo Tanga, na bwana mifugo atakuelekeza kama hujui pa kuanzia. Ikithibitika ni kuhara damu kuna dawa yake, amprolium, unafuata kipimo cha kwenye pakiti. Antibayotiki usinunue kabla ya majibu, haitatibu chumvi wala ukungu, na ukishaitumia lazima uhesabu siku zilizoandikwa kabla ya kuchinja hata kama mteja yuko mlangoni. Maji ya shubiri na pilipili hayatawatibu hawa, usipoteze siku mbili huko. Ukifika kwa daktari mweleze kila kitu walichokula toka siku ya 12, na uanze na habari ya maji ya dagaa, asije akatafuta ugonjwa wiki nzima kumbe ni chumvi.